Kizibo cha Zebaki

Juzi alinijia kijana wa shahada ya uzamili, kishikwambi mkononi, akaniuliza mbona miaka yote ile tuliyokuwa tukienda Geita kupima zebaki hatukuwaambia watu kwamba ni sumu. Nilicheka, kisha nikaudhika. Tuliwaambia. Walitusikiliza kwa adabu, wakatukaribisha chai, na jiko likaendelea kuwaka.

Nilikuwa fundi wa maabara chuo kikuu, Mlimani. Miaka ya tisini, Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, tulirudi Dar es Salaam na udongo wa mialoni, kule wanakooshea dhahabu, minofu ya samaki, na nywele za watu ndani ya bahasha ndogo. Ilikuwa enzi za kina Justinian Ikingura wa jiolojia na Mjapani Hirokatsu Akagi, aliyetoka Minamata kwenyewe, mji uliotiwa sumu na zebaki. Walichapisha matokeo yao mwaka 1996, na samaki wa Ziwa Victoria hawakuwa na zebaki nyingi kama tulivyohofia. Miaka mitatu baadaye timu ya Masazumi Harada ikaonyesha kwamba nywele zilizotia fora kwa zebaki zilikuwa za watu waliojichubua kwa sabuni zenye zebaki. Mjini, si machimboni! Hata hivyo aliyeinamia jiko la kuchomea dhahabu alikuwa anavuta mvuke wake kila siku, na hilo halikuhitaji mashine kulijua.

Lakini nikiikumbuka Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji huko Geita, sikumbuki mashine. Nakumbuka duka moja la mabati: sukari, betri za tochi, kamba za katani, gunia la dagaa mlangoni lililonukisha kila kitu, hata noti. Chini ya kaunta ilikaa chupa ya soda ya nusu lita, imejaa zebaki. Mgeni aliyedhani ataiinua kwa vidole viwili alishangaa. Ilikaribia kilo 7. Mzee mwenye duka aliipima kwa kizibo, taratibu, huku ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, na tone likidondoka sakafuni alilifukuza kwa kipande cha karatasi mpaka alipate. Kwa wengi hakutoza hata senti. Aliyechukua kizibo aliahidi tu kwamba dhahabu itauzwa hapohapo, kwa mizani ya mzee. Ile ndiyo iliyokuwa benki yao.

Wachimbaji walikuja na donge jeupe la zebaki na dhahabu lililokamuliwa kwenye kipande cha kitenge. Likawekwa juu ya mkaa, watu wakalizunguka: mwenye leseni, mwenye duara, yaani shimo, walioshuka humo, mtu wa karasha, mashine ya kusaga mawe. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake, na kila mmoja alitaka kuiona rangi ikigeuka kwa macho yake mwenyewe. Moshi wa zebaki hauna harufu. Dagaa ndiyo iliyowachoma pua.

Siku moja tulimwonyesha mzee chombo cha chuma chenye mfuniko na mrija, kinachonasa mvuke na kuurudisha uwe zebaki tena. Alikigeuzageuza.

"Mwalimu, hiki kimefunikwa."

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana moshi hautoki."

"Na hao walioko nje watajuaje kilichobaki ndani?"

Vyombo vya namna hiyo vililetwa tena na mradi wa UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, ulioanza mwaka 2002, Rwamagasa ikiwa eneo lake la Tanzania. Mafunzo yalikuwa mazuri. Ila dhahabu ya chombo cha chuma mara nyingine hutoka imefifia, nyeusinyeusi, na broka hapendi rangi hiyo. Leo bado naletewa madodoso yanayouliza habari za glavu, barakoa na "uelewa wa madhara", kana kwamba mtu anayejua kugawa dhahabu ya sehemu za gramu hajui kikohozi chake. Inachosha.

Kilichobadilisha kazi ni karasha. Daftari zangu zinagongana kuhusu mwaka karasha zilipoingia, tuuache. Kabla yake wanawake na vijana walitwanga mawe kwa mchi wa chuma, na sauti ile ya mdundo ulioachana kidogo kati ya kinu na kinu naikosa, ingawa vumbi lake sitaki kulirudia. Injini ya dizeli ilipoanza kunguruma, wengi wao walibaki kuokota mawe kwenye kifusi. Mwenye karasha naye akabaki na marudio, yale yaliyopita mwaloni, kama sehemu ya malipo yake. Wakati huo yalionekana takataka.

Kisha ikaja sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu. Zebaki mara nyingi haikamati hata nusu ya dhahabu iliyomo kwenye jiwe. Iliyobaki ilikuwa imelala kwenye yale marudio. Waliokuwa nayo wakajenga mji wa Katoro. Tena marudio yenye zebaki yakitiwa sayanaidi, zebaki nayo huyeyuka na kusafiri na maji, jambo ambalo chombo chenye mfuniko hakiligusi.

Mengine yamepita haraka. Soko la madini Geita mwaka 2019, Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki kuridhiwa mwaka 2020, shirika la madini la taifa, STAMICO, na kituo chake cha mfano cha uchenjuaji palepale Rwamagasa. Duka la mzee sasa ni la simu na miamala. Zebaki ingali inapatikana. Sayanaidi inadai siku kadhaa, kaboni na mzigo wa tani. Aliyetoka shimoni na viroba vitatu anadaiwa chakula jioni hiyohiyo. Anayetaka huyo aache kizibo anunue mawe yake kwa kipimo cha dhahabu iliyomo, na amlipe kabla jua halijazama.