Ankara ya Kwanza

Mwalimu wa serikali hafundishwi kudai. Miaka yote ya kazi mshahara huja mwisho wa mwezi, uwe mdogo au mkubwa, bila yeye kuandika barua ya kuuomba. Isitoshe, sisi tuliokuwa vijana Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967 tulikulia katika miiko iliyomkataza kiongozi kupokea mishahara miwili. Azimio la Zanzibar lililegeza miiko hiyo mwaka 1991, lakini moyo wa mtu haulegezwi kwa azimio.

Kwa hiyo, nilipostaafu na kuanza kuhariri miswada ya watu hapa Butimba, kazi ngumu haikuwa sarufi. Ngumu ilikuwa kuandika kiasi cha fedha na kutia sahihi chini yake. Mteja wangu wa kwanza alikuwa kijana niliyemfundisha chuo cha ualimu, ambaye sasa ana shule yake. Alileta kitabu cha mazoezi cha kurasa 120, tukapatana shilingi 400,000. Nilipomaliza alisema, "Ahsante sana, Mwalimu. Mungu atakulipa."

"Amina, mwanangu," nilimjibu. "Nami nitakuletea ankara."

Akacheka, nami nikacheka. Lakini usiku nilimuuliza mke wangu kama si aibu mzee kumdai mwanafunzi wake. Yeye aliwahi kuuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Aliniambia kwamba huko mchuuzi hupewa mzigo kwa mali kauli, lakini jina, idadi ya magunia na siku ya kulipa huandikwa kwenye daftari mbele ya wote wawili. Hakuna anayeona ametukanwa. Ugomvi huanza pale ambapo hapakuandikwa kitu.

Kesho yake niliandika: ankara namba 001, tarehe, jina lake na langu, kazi iliyofanyika, kiasi tulichopatana, akaunti ya benki, namba yangu ya mlipakodi, na kwamba malipo yafanyike ndani ya siku 30. Siku 30 zikapita kimya. Nilimpigia simu mara moja, kwa sauti ya kawaida, nikimtajia namba ya ankara tu. Siku ya 41 alilipa. Alizuia asilimia 5, yaani shilingi 20,000, akazipeleka TRA kama kodi ya zuio na kunipa hati yake. Shilingi 380,000 zikaingia kwangu.

Nawaambia wastaafu wenzangu: msione haya. Mtu asiyetajiwa kiasi hubaki na deni la shukrani, na deni hilo halina mwisho. Humfanya akukwepe njiani. Aliyepewa ankara anajua deni lake linakomea wapi. Kijana yule bado ananiamkia kwa furaha ileile, na mswada wake wa pili uko mezani kwangu.