Taa Iliyonyamaza

Alfajiri moja sajini mstaafu wa polisi alijaribu kuliwasha Land Rover lake la mwaka 1978. Likaguna mara moja, kisha kimya. Ilikuwa mara ya tatu juma lile. Mkewe alikuwa na ndizi za kupeleka sokoni, na watoto walikwisha jipanga nyuma ya gari, tayari kusukuma.

"Betri imekufa, mama watoto," alisema sajini. "Sina budi kuzigusa zile fedha za karo."

"Betri hiyo haijatimiza mwaka, baba," akajibu mkewe. "Kwanza aitwe fundi."

Fundi alikuja na mita yake. Injini ikiwa imezimwa, betri ilionyesha volti 12.0. Gari likasukumwa, injini ikanguruma, lakini mita ikateremka hadi 11.8.

"Chaji ikiwa nzuri, mita hupanda kufikia 13.8 hadi 14.4 hivi," alieleza fundi. "Betri haina kosa. Hailishwi."

Jirani akashauri waya wa betri ung'olewe injini ikinguruma, ili ijulikane kama alternata inafanya kazi. Fundi akakataa katakata. Jaribio hilo ni la enzi za dainamo. Kwa alternata laweza kuunguza diodi zake. Yeye alibonyeza mkanda, akaukuta umekaza. Akasugua vichwa vya betri na kukaza waya wa ardhi. Hali haikubadilika.

Ndipo alipouliza, "Afande, ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa nyekundu ya chaji huwaka?"

"Haiwaki kamwe, nami nimekuwa nikishukuru."

Hapo ndipo palipokuwa na siri. Katika magari mengi ya zamani, umeme mdogo unaopita katika taa hiyo ndio unaoiamsha alternata. Balbu ikiungua, alternata hulala. Taa hiyo yapaswa kuwaka kwanza, kisha kuzimika injini inapowaka.

Balbu mpya ilipotiwa, taa iliwaka, ikazimika, na mita ikapanda hadi 14.1. Fedha za karo zikabaki sandukuni.

Sajini aliinamisha kichwa. Miaka mingi aliwafundisha vijana kwamba mlinzi asiyeitika hajathibitisha usalama. Kumbe nyumbani kwake alidhani kimya ni amani. Sasa kila alfajiri hufungua swichi, akaitazama taa ile kwanza, kama akaguavyo lindo.