Kununua Nyumba Yenye Watu Ndani

Wanafunzi wangu wa zamani, wengi wao sasa wakiwa watumishi wa umma, huniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: mtu wa mshahara anaanzaje kununua nyumba kuukuu, kuikarabati na kuipangisha? Swali ni halali. Mtu anayeona kustaafu kunakaribia na watoto bado wako shuleni hana budi kutafuta kipato cha pili. Nalijibu kwa sababu huu ni mwaka wa nne tangu nilipofanya jambo hilo Magomeni, Dar es Salaam, na kwa sababu siasa iliyomo ndani ya swali hilo ni kubwa kuliko wanavyodhani wanaoliuliza.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Kodi ya pango ilihesabiwa kuwa kipato cha jasho la wengine. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo: jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambalo mwenyewe hakulikalia lote, liliweza kuchukuliwa na Serikali, na lililozidi umri wa miaka 10 halikulipiwa fidia. Wengi walioguswa walikuwa watu wenye asili ya Asia, na baadhi yao wakaihama nchi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1991, chama tawala kikakutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba za Serikali zenyewe zikauzwa kwa watumishi wake. Kwa hiyo katika umri wa mtu mmoja, kupangisha nyumba kumetoka kuwa aibu ya kiongozi na kuwa ndoto ya kila karani. Mabadiliko hayo hatukuyajadili vya kutosha, tumeyazoea tu.

Nyumba niliyoinunua ni ya Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna jiko, stoo na choo. Ilikuwa mali ya marehemu, na wauzaji walikuwa warithi wake watano. Hapa ndipo penye somo la kwanza. Nchini kwetu, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mnunuzi hanunui ardhi milele. Ananunua haki ya kuitumia kwa masharti, mara nyingi kwa muda wa miaka 33, 66 au 99. Basi kabla ya kutazama bati, tazama karatasi. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ujue jina lililoandikwa, miaka iliyobaki, na kama kuna rehani au zuio. Kama mwenye mali amefariki, dai uthibitisho wa mahakama kwamba anayeuza ndiye msimamizi wa mirathi. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi. Mashahidi wa serikali ya mtaa wana faida yao, lakini muhuri wa mwenyekiti hauwezi kuchukua nafasi ya vitu hivyo vitatu.

Karatasi za warithi zilikuwa safi. Hata hivyo niliomba kuonana na kila mrithi peke yake, na wanne walinipokea kwa furaha. Wa tano alikuwa dada yao mkubwa, mjane, aliyeishi katika chumba cha mwisho upande wa kulia na kukaanga vitumbua barazani kila alfajiri. Alikuwa ameshatia saini. Nilipomuuliza kama ameridhika, alinijibu kwa utulivu: “Mwalimu, mimi sikatai kuuza. Nakataa kuhama. Fungu langu hilo litaninunulia wapi?”

Sikuwa na jibu, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi. Fungu lake lingempatia kiwanja huko pembezoni, mbali na wateja aliowalisha kwa miaka mingi, mbali na hospitali, mbali na watu wanaomjua. Kisheria nilikuwa na ridhaa yake mkononi, lakini alikuwa ameridhia kwa sababu ndugu zake wanne walikuwa wakisubiri fedha.

Tulikubaliana mbele ya wakili: fungu lake nililipa kamili, na katika mkataba ikaandikwa kwamba atabaki na chumba chake bila kodi maisha yake yote, nami nikiuza nyumba, mnunuzi atafungwa na sharti hilo. Dalali aliyenipeleka pale alicheka. Aliniambia kwamba kwa sharti hilo nimeishusha bei ya nyumba yangu mwenyewe. Alisema kweli.

Somo la pili ni ukarabati wenyewe. Rangi ni ya mwisho. Anza chini na juu: msingi na paa. Gonga plasta, ikilia kama debe tupu, imeachana na ukuta. Chunguza chumvi inayotoa unga mweupe sehemu ya chini ya kuta, maana katika mji wa pwani wengi walijengea mchanga usiofaa, na chumvi hiyohiyo hula nondo za linta hadi zege lipasuke. Panda darini uone kenchi kama zimeliwa na mchwa. Fungua swichi uone nyaya. Ulizia shimo la choo limejaa mara ngapi kwa mwaka. Mpe fundi kazi kwa hatua na malipo kwa hatua, na vifaa nunua mwenyewe. Juu ya makadirio yoyote utakayopewa, weka akiba ya theluthi moja, kwa sababu nyumba kuukuu haisemi siri zake mpaka ivunjwe ukuta.

Mimi niliongeza sharti moja: vyumba viwili kwa wakati mmoja. Wapangaji wa vyumba vinavyotengenezwa walihamia kwa muda chumba kilichokuwa kitupu na stoo ya uani. Kazi ambayo fundi alisema ingechukua miezi miwili ilichukua mitano, na gharama ya kibarua ikapanda. Hakuna aliyeondoka.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo wasemaji wa semina za uwekezaji hawaifanyi mbele ya hadhira. Tuseme, kwa mfano tu, umenunua nyumba kwa shilingi milioni 100 na kuikarabati kwa milioni 20. Vyumba sita kwa shilingi 80,000 kila kimoja ni 480,000 kwa mwezi, yaani 5,760,000 kwa mwaka. Ondoa kodi za Serikali, matengenezo na miezi ambayo vyumba viko vitupu. Tuseme imebaki 4,800,000. Fedha yako itarudi baada ya miaka 25. Hiyo ni asilimia 4 kwa mwaka, na benki inayokukopesha inataka riba kubwa zaidi ya hiyo. Anayekopa benki ili apangishe vyumba kwa watu wa kipato cha kawaida anapata hasara.

Mbona basi wapo wanaotajirika? Njia zao ni mbili. Ya kwanza ni kuwaondoa waliopo, kubomoa au kupamba, kisha kuleta wapangaji wa kipato kingine. Ya pili ni kungoja kiwanja kipande bei. Lakini bei ya kiwanja hupandishwa na nani? Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kupita Barabara ya Morogoro mwaka 2016, Magomeni ilikaribia katikati ya mji bila mwenye nyumba yeyote kusogeza tofali. Njia ile ilijengwa kwa fedha na madeni ya umma, ambayo muuza vitumbua naye anayalipa kila anaponunua mafuta na sukari. Thamani imetengenezwa na wote; inavunwa na mwenye hati; na anayeifanya ivunwe haraka ni yule atakayemhamisha aliyechangia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kwamba dawa ni wenye nyumba kuwa na huruma. Sharti nililomwandikia yule mama linamlinda yeye peke yake. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji wa chumba amebaki kutegemea tabia ya anayempangisha. Kijana anayeanza kazi anadaiwa kodi ya miezi sita, au ya mwaka, kabla hajapokea mshahara wa kwanza. Watumishi wa umma mnaosoma haya mnajua jinsi rasimu za sheria zinavyoandikwa. Mwekeeni kikomo malipo ya mbele, mwekeeni mpangaji muda wa taarifa usiochezewa, na itozeni faida inayotokana na barabara ili irudi kujenga nyumba za kupanga za gharama nafuu. Nasema hivyo nikijua kwamba nami nitalipa.

Mwezi uliopita dalali yuleyule alirudi. Ana mteja anayetaka kujenga ghorofa, na bei aliyoitaja ingenimalizia madeni yangu yote na kunisomeshea watoto. Akauliza yule mama ana umri gani. Nilimwambia umri wa mtu haumo katika mkataba. Aliacha namba yake ya simu, na bado ninayo.

Basi wewe unayeniuliza uanzie wapi: anza na upekuzi wa hati, kisha mpeleke fundi mwaminifu. Kabla ya kutaja bei, zunguka korido, bisha hodi kila mlango, uulize nani anaishi humo, tangu lini, na akitoka hapo ataelekea wapi. Majibu hayo yatakuonyesha faida unayoitarajia itatoka mfukoni mwa nani.