Maziwa Hayaoshi Tina

Tanga

Mpwa wangu,

Mama yako kaniambia umepata kazi Keko, unapuliza vanishi kwenye samani, na kila jioni bosi anawapa pakiti ya maziwa ya kutoa sumu. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hayo maziwa nami nimeyanywa miaka 22, nikipaka magari rangi.

Maziwa huenda tumboni. Mvuke wa tina, ile ya kuzimulia vanishi na rangi, huingia mapafuni, damu ikaubeba hadi kwenye ubongo hata kabati moja hujalimaliza. Ndiyo maana kichwa huwa chepesi kama cha mlevi. Baada ya muda hutaisikia tena ile harufu. Usidhani mwili umezoea. Iliyozoea ni pua.

Mimi sumu hiyo ilinianza kwa usingizi kazini, ikaja hasira nyumbani, mwisho kusahau. Toluini, iliyomo kwenye tina nyingi, hudhuru ubongo na hata masikio. Heksani ya kwenye gundi iliwatia ganzi ya mikono na miguu washona viatu wa Japani na Italia. Benzeni, ambayo imo pia kwenye petroli, huleta saratani ya damu. Sumu hizi hupenya ngozi, kwa hiyo usinawe kwa tina wala petroli. Jipake mafuta ya kupikia, sugua, kisha nawa kwa sabuni.

Kitambaa puani hakizuii mvuke, wala barakoa ya vumbi. Tafuta yenye vichujio vya mkaa, uvibadilishe kabla harufu haijaanza kupenya. Puliza mahali pa wazi, upepo ukikupita ubavuni. Debe lifunike. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini: usijinyooshe sakafuni mchana, wala asiwashe mtu jiko karibu. Na wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ovaroli iliyolowa tina ivue huko huko kazini, usimbebe mtoto nayo.

Bosi wako sidhani ana nia mbaya. Mwambie kwa adabu kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka awape vifaa vya kujikinga. Akilalamikia gharama, mpigie hesabu ya maziwa ya mwezi mzima, hizo pesa zinunue vichujio.

Maziwa mnunulie mwanao.

Ni mimi mjomba wako.