Neno la Siri la Marehemu Kaka

Jamaa zangu mliotapakaa Maskati, Dubai, London, Mombasa na huku Kanada,

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini shajara ya upande wa marehemu baba imesimama miaka miwili bila kuongezwa hata jina moja. Sababu ilikuwa moja, nami niliona haya kuisema: kazi yote ya marehemu kaka yangu ilikuwa ndani ya kompyuta iliyofungwa, na neno la kuifungulia alikwenda nalo kaburini. Leo, alhamdulillahi, naweza kueleza jinsi ilivyofunguka na kilichokuwamo.

Kompyuta yenyewe ni ThinkPad ya IBM, nyeusi, nzito kama tofali. Kaka aliinunua Ruwi, Maskati, mwaka 1999, tulipokuwa sote makarani huko, kisha akaja nayo Toronto. Alipofariki, mwanawe aliikuta katika chumba cha chini cha nyumba yao ya Scarborough, imeviringishwa ndani ya kanga ya marehemu shangazi. Tulipoitia umeme iliwaka. Lakini kabla ya jambo lolote ilionyesha alama ndogo ya kufuli, ikangoja. Ukiandika neno lisilo sahihi hutoa alama ya X. Ukikosea mara tatu haikusikilizi tena mpaka uizime na kuiwasha upya.

Niliipeleka kwa fundi mmoja katika mtaa wa College, karibu na Spadina, ambako kwa miaka mingi maduka ya kompyuta yalijipanga ubavu kwa ubavu. Yeye ndiye aliyenifahamisha kwamba kufuli hizi ni za namna mbili. Namna ya kwanza huhifadhiwa katika ubao wa kompyuta, na katika mashine nyingi za zamani ukitoa betri ndogo ya ndani, kufuli husahaulika. Letu lilikuwa la namna ya pili: neno limehifadhiwa ndani ya diski yenyewe. Ukiihamishia diski katika kompyuta nyingine, inahama na kufuli lake. Maandishi hayakugeuzwa kuwa mafumbo. Yamo vilevile kama yalivyoandikwa, ila diski haikubali kumsomea asiyelijua neno. Kitabu cha maelekezo kinasema waziwazi kwamba neno hilo likisahauliwa, dawa ni kubadilisha diski. Diski nyingine ningeipata kwa dola chache. Shajara ya kaka ningeipata wapi?

Wapo wataalamu wenye zana za kujaribu kufungua diski za namna hiyo. Gharama yao ilizidi pensheni yangu ya miezi miwili, wala hawakuahidi kufaulu. Tena sikupenda mambo ya ukoo wetu yapite mikononi mwa wageni. Fundi akaniambia, "Basi mzee, litafuteni neno lenyewe."

Tukalitafuta. Mtoto wa kaka alijaribu majina ya wazazi wake, tarehe za kuzaliwa, namba za simu na za magari. Wiki tatu zikapita. Ndipo alipolileta daftari la simu la baba yake, akanionyesha mstari mmoja katika ukurasa wa mwisho, umeandikwa kwa kalamu ya risasi: "Diski: nyumbani, kwa hati ya Maalim."

"Ami, nimejaribu NYUMBANI," aliniambia, "lakini mashine haipokei zaidi ya herufi saba."

Yeye amezaliwa huku, na kwake nyumbani ni neno la kawaida. Kwa kaka na mimi nyumbani palikuwa mahali pamoja tu: Shangani, Unguja, katika nyumba tuliyotoka mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, kaka akiwa na miaka kumi nami sita. Lakini SHANGANI nayo ni herufi nane. Na hati ya Maalim ilikuwa ipi?

Tulipofika Mombasa, baba alitutia chuoni Mji wa Kale. Shangazi yetu alibaki Unguja, na barua zake alikuwa akiziandika kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wengi wa pwani. Ili tuweze kumjibu, baba alimwomba maalim atufundishe hati hiyo. Hiyo ndiyo hati ya Maalim.

Nikaitazama upya kibodi. Kwa kuwa kompyuta ilinunuliwa Maskati, kila kitufe kina herufi ya Kilatini na pembeni yake ya Kiarabu. Mimi nimepiga chapa kwa Kiarabu miaka mingi ofisini. Vidole vyangu vinajua kila herufi ilipo. Nikakumbuka alilosema fundi: neno linapoulizwa, mashine bado haijui lugha yoyote, inajua kitufe kipi kimebonyezwa tu. Shin iko kwenye kitufe cha A, nun kwenye K, ghain kwenye Y, alif kwenye H, ya kwenye D.

Mara ya kwanza niliandika kama ofisini, nikaweka alif kwa kila sauti ya "a": shin, alif, nun, ghain, alif, nun, ya. Herufi saba kamili. Ikaja X.

Nilikaa kimya kidogo, kisha nikaisikia imla ya Maalim. Alif, alitufundisha, haiwekwi ovyo katika Kiswahili. Huwekwa pale sauti inapoegemea, na kwetu sauti huegemea silabi ya pili kutoka mwisho. Sha-nga-ni: sauti iko kwenye "nga". Alif ni moja tu. Nikabonyeza A, K, Y, H, K, D. Ikaja OK.

Kabla ya kusoma hata mstari mmoja tuliirudisha kwa fundi, akanakili kila kitu mara mbili, kwa kuwa diski ya umri ule yaweza kufa siku yoyote. Kisha tukakaa sebuleni kusoma.

Shajara ilikuwamo, majina ya vizazi saba. Lakini kando ya jina la babu mzaa baba palikuwa na maelezo ya kurasa mbili, nayo ndiyo yaliyomfanya kaka aweke kufuli. Shangazi alimsimulia kwamba mama yake babu, ambaye katika shajara za zamani hakuandikwa kabisa, alikuwa suria, Mmanyema aliyeletwa pwani akiwa mtoto. Katika karatasi aliitwa "binti Abdallah", kama walivyoandikwa wengi ambao hakuna aliyeuliza jina la baba zao. Sheria ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa Unguja haikuwahusu masuria. Wao walingoja hadi mwaka 1909. Kaka aliandika chini yake kwamba alimwahidi shangazi mambo haya yasisomwe yeye akiwa hai.

Shangazi alifariki mwaka 2011. Ahadi ilikwisha, ila kaka hakutuambia, na mimi sikumuuliza.

Nimewapigia simu wazee wetu wawili waliobaki. Mmoja alilia. Mwingine alikasirika, akasema kaka alifanya vyema kufunga. Nilimjibu kwa adabu kwamba mtoto wa suria kwa bwana wake ni mtoto halali mwenye kurithi, hivyo hakuna nasaba iliyoharibika. Nikamkumbusha kuwa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, mwenyewe alikuwa mtoto wa suria wa Kicherkesi, na hakuona haya kuyaandika hayo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886. Kama ipo aibu, ni ya waliomchukua mtoto kwao. Yeye ni bibi yetu.

Tumepatana hivi: jina lake alilopewa pwani halitatolewa nje ya ukoo, lakini ndani ya shajara ya familia limeandikwa mahali pake, juu ya jina la babu. Kila mwenye haki ya kuliona atatumiwa nakala.

Nami nawasihi, jamaa zangu. Mwenye kompyuta, simu au sanduku lenye habari za wazee, aandike neno la kulifungulia katika wasia wake, na amtaje wa kulipokea. Sisi tulifungua kwa sababu yupo aliyebaki anayeikumbuka hati ya Maalim. Mimi nami ni mzee sasa. Ijumaa baada ya sala, mtoto wa kaka huja kwangu na daftari, nami namfundisha herufi. Wiki iliyopita aliandika jina la bibi yake mkuu kwa mkono wake, akaiweka alif mahali pake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia. Amin.