Sikuwa na budi

"Kwani uliacha chuo?" Hilo swali hunikera kwa sababu ya kitenzi chake. Kuacha ni kama nilikaa chini nikachagua. Karo ilikosekana, basi.

Neno linalonifaa nimelipata mbali, katika Kikantoni, lugha ya Hong Kong na Guangzhou. Huko "lazima" ya kila siku ni yiu. Ukikosa cha kuchagua, unasema mou dak gaan. Hiyo mou, yaani kutokuwa na kitu, huandikwa 冇: ni ile herufi ya kuwa na kitu, 有, iliyong'olewa vistari vyake viwili vya ndani. Kinabaki kisanduku kitupu.

Langu lakini ni guk jyu. Guk ni kuoka. Pia ni lile joto la chumba kisicho na hewa. Ukifanya jambo guk jyu, hali imekubana mpaka umelifanya, upende usipende.

Sisi nasi tuna "sina budi". Umewahi kusikia mtu akisema "nina budi"? Budi ni njia ya kukwepa, na sisi huitaja tu ikishazibwa. Kwa hivyo siku hizi nawajibu hivyo: sikuwa na budi.

Hong Kong wana msemo mwingine: sau ting, hau ting. Mkono ukisimama, mdomo nao unasimama. Mimi hulipwa kwa makala, si kwa mwezi. Huo sikuhitaji kutafsiriwa.