Motokaa ya Viti Viwili

Kila mtu ana tamaa moja ambayo huwaficha majirani zake. Mmoja hutamani cheo, wa pili shamba, wa tatu sifa za watu asiowajua. Yangu mimi ilikuwa motokaa. Sisemi motokaa ya kuchukulia mizigo, wala ya kupelekea jamaa kanisani, kwani tamaa ya vitu hivyo haina haja ya kufichwa. Nasema motokaa ya mwendo, fupi, ya milango miwili na viti viwili, yenye injini ya silinda sita. Niliipata nikiwa na umri wa miaka 43, yenyewe ikiwa imekwisha kutumiwa na watu wengine, na mimi nikiwa nimekwisha kutumiwa kiasi na dunia. Nataka kumweleza msomaji jinsi nilivyoinunua, furaha niliyoipata na aibu iliyofuatana nayo. Maana furaha isiyotiwa katika mizani haijulikani uzito wake.

Nilizaliwa Kyela, katika bonde la mpunga, migomba na kakao, ambako mito hushuka kutoka milimani kwenda Ziwa Nyasa, na wakati wa masika hutoka katika njia zake na kutembelea nyumba za watu bila ya kupiga hodi. Katika sebule yetu palikuwa na picha moja iliyokatwa gazetini na kubandikwa ukutani. Ilionyesha Datsun 240Z imepakwa matope toka taa mpaka nyuma, ikikata dimbwi la maji. Moshi wa jikoni ulikuwa umeigeuza rangi, lakini umbo lake la samaki lilionekana wazi.

Baadaye nilipata kujua habari zake. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews, wakashinda kwa aina hiyohiyo. Motokaa ile ilikuwa na silinda sita katika mstari mmoja. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na chombo chake cha pekee kilikuwa baiskeli. Niliamini kwamba picha ile ilikuwa ndoto yake, na kwamba alipofariki aliniachia mimi niitimize. Imani hiyo ilinifaa sana nilipotaka kutumia fedha vibaya.

Motokaa niliyoinunua ni mjukuu wa ile ya ukutani: Nissan Fairlady Z, ya namna iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002. Niliikuta Dar es Salaam kwa bwana mmoja aliyepata mtoto wa pili, akatambua kuwa hesabu ya viti na hesabu ya watoto zimekosana. Nilikwenda pamoja na fundi, mzee mpole asiyesifu kitu. Aliitazama injini ikiwa baridi kabla ya kuwashwa, kwa kuwa muuzaji mwerevu huweza kuipasha moto kwanza ili kuficha kasoro zake. Alichomoa kijiti cha mafuta akayanusa. Aliitazama rangi ya moshi. Moshi wa buluu ni mafuta yanayoungua, na mweupe usiokoma huweza kuwa maji yaliyopenya mahali pasipo pake. Alilala chini kutazama kama mwili ulipata kupindwa kwa ajali. Mwisho alipangusa mikono, akasema, "Mwalimu, ni nzima. Lakini utakaa nayo wapi na watu wako?" Sikumjibu. Nilitoa akiba ya miaka tisa, nikatia sahihi.

Wasomaji wengi wa jarida hili ni watu wa lugha, basi wataniwia radhi nikieleza siri ya silinda sita kwa mfano wetu. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya mtaimbo wa injini. Penye silinda nne, msukumo huja mara mbili katika kila mzunguko. Penye sita, huja mara tatu. Kwa hiyo msukumo mmoja haujakoma kabla wa pili haujaanza, na sikio halisikii pengo. Katika injini yangu, yenye ujazo wa lita 3.5, silinda zimepangwa tatu upande huu na tatu upande huu, zikielekeana kama herufi V. Mtu aliyezoea tarbia, kisha akasikia tasdisa ikisomwa na msomaji mzuri, ataelewa ninachosema. Nilipoiwasha mara ya kwanza nilikaa kimya kwa dakika nzima, kama mtu anayesubiri kituo cha ubeti.

Safari ya kutoka Dar es Salaam mpaka Kyela ni zaidi ya kilomita 900. Nilipita Morogoro, Mikumi, Iringa na Makambako, nikijifunza klachi yake na gia zake sita. Watengenezaji wake waliipa nguvu ya farasi 280. Sheria ya nchi inanipa kilomita 50 kwa saa katika vijiji. Basi farasi wangu wengi walilala usingizi mchana kutwa, na sikuona ubaya. Waama, raha ya nguvu si kuitumia yote, bali kujua kwamba ipo.

Uyole nikaiacha njia kuu, nikageuka kusini. Kutoka hapo barabara hupanda katika baridi, kisha hushuka kwa konakona, Mlima Rungwe ukiwa mkono wa kushoto, katikati ya chai na migomba. Kutoka Tukuyu mpaka ufukoni mwa ziwa mtu huteremka mita zaidi ya 1,000. Katika mteremko ule motokaa yangu ilionyesha tabia yake. Haikuyumba, haikulala upande, haikuomba breki kila mara. Nilipunguza gia, na injini yenyewe ikanishikilia kama mkono wa mzee unavyomshika mtoto mtelezini. Hewa ikaanza kuwa nzito na yenye joto, harufu ya tope la mpunga ikaingia dirishani, nikajua kwamba nimefika kwetu. Nakiri kuwa niliimba.

Nyimbo zangu zilikoma uani kwa kaka yangu mkubwa. Watu walikusanyika, watoto wakaigusa, wazee wakaizunguka. Kaka alitazama ndani, akainuka polepole, akauliza, "Viti vingine viko wapi?" Nikamwambia havipo. Akauliza jina la motokaa ya namna hii. Kwa upumbavu wa msomi nikamweleza kuwa Wafaransa huiita coupé, yaani iliyokatwa, kwa kuwa asili yake ilikuwa gari la farasi lililopunguzwa safu moja ya viti. Akasema, "Basi umetaja mwenyewe. Kupe tunamjua sisi wafuga ng'ombe. Huganda mahali pamoja, hunyonya, wala hamchukui mtu." Uwanja mzima ulicheka, na jina hilo halijaondoka mpaka leo.

Kicheko kile kilikuwa na hoja ndani yake. Wanyakyusa tuna neno ukwangala, ambalo maana yake ni kukaa pamoja na wenzako kwa furaha, kula, kunywa na kuzungumza. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwetu pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alilipa neno hilo uzito mkubwa katika kitabu alichokitoa mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga na kukaa pamoja. Kwa mawazo ya watu wetu, raha ni jambo la wengi. Mtu anayekula peke yake hutazamwa kwa shaka. Nami nilikuwa nimeleta katika nchi hiyo chombo ambacho kimeundwa kwa makusudi kikatae mtu wa tatu.

Miezi mitatu baadaye shangazi yangu alifariki Ipinda. Usiku ule simu zilipigwa, na kila mwenye gari aliulizwa anaweza kuchukua watu wangapi. Kaka alipofika kwangu hakuuliza. Alikodi gari la abiria, akawapanga watu kumi na zaidi, na masufuria, na mchele, na magodoro ya wafiwa. Mimi nilisimama kando ya motokaa yangu, ambayo tumbo lake haliko juu ya ardhi hata shubiri moja, nikaona haya niliyokuwa sijapata kuyaona. Ndipo Mama, mwenye miaka 74 na magoti mabovu, aliposema, "Mimi nitakwenda na huyu." Tuliingia, tukafunga milango, tukaenda polepole tukiyakwepa mashimo. Hakusema neno njia nzima, wala mimi sikumsemesha.

Siku matanga yalipoanuliwa aliomba tusirudi moja kwa moja, bali tufike Matema, kwa kuwa hakuwa ameliona ziwa kwa miaka mingi. Milima ya Livingstone ilikuwa imesimama mbele yetu kama ukuta wa buluu. Tulikuwa tumepita nyumba za mwisho za kijiji alipoweka mkono wake juu ya usukani, karibu na wangu, akasema, "Mwanangu, hivi ndivyo inavyokwenda? Ile ya ukutani haikupata matope kwa mwendo huu."

Nikamwambia kwamba naiendesha kwa heshima ya Baba, kwa kuwa ile picha ilikuwa yake.

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Baba yako aliogopa magari," akasema. "Hata baiskeli aliikokota mteremkoni. Picha ile niliikata mimi, katika gazeti lililofungia sukari, mwaka niliokuja kuolewa. Yeye alitaka niiondoe aweke kalenda."

Nilikuwa nimeishi miaka 40 na zaidi katika nyumba ya mawazo niliyoijenga juu ya msingi usio wake. Nilimwuliza kwa nini hakupata kuniambia. Akajibu kwamba hakuna aliyemwuliza. Na tena, katika magari yetu yote aliyopanda, daima alikuwa na mtoto wa mtu mapajani, na kuku miguuni, na watu sita wakizungumza kwa pamoja. Hapo barabara ilikuwa nyofu, wazi, isiyo na mtu wala mnyama. Nikashusha gia moja, nikakanyaga. Silinda sita zikainua sauti zao kwa pamoja, kiti kikatusukuma mgongoni, na Mama akasema "Ndaga!", kama asemavyo mtu aliyepokea zawadi aliyokuwa akiidai zamani.

Pale Matema ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la vyungu wanavyofinyanga wanawake wa Kikisi wa Ikombe. Alinunua chungu kimoja, tukakilaza nyuma juu ya koti langu. Tulikaa mchangani mpaka jua likapungua, akanisimulia mambo mengi ambayo si ya jarida.

Sidai kwamba siku ile iliihalalisha motokaa yangu. Kaka ana haki: siku ya msiba chombo chema ni kile chenye nafasi, na fedha yangu ingeweza kununua viti saba. Nimeanza kutoa fungu langu la kukodi gari kila inapotokea haja, bila ya kungoja kuulizwa, wala sidhani kuwa deni limekwisha. Lakini nimejifunza kwamba ukwangala una mlango mwembamba ambao sikuujua. Wako watu tunaokaa nao maisha yetu yote katika kundi, tukawapenda katika kundi, wala hatukupata kuwasikia hata siku moja. Kiti kimoja kisicho na mshindani kinaweza kumpa mtu kama huyo zamu yake.

Tangu siku hiyo, kila nirudipo Kyela, humchukua mtu mmoja mpaka ufukoni na kumrudisha: leo mjomba, kesho mtoto wa jirani. Kaka bado hajaingia. Akiniona nikipita husimama mlangoni na kuuliza habari za kupe. Nami humjibu kwamba kupe hajambo, na kwamba kiti ki wazi.